Sura ya Tano: Sanduku Linasamehe, Shingo Haisamehe

Anayetaka kuunda gitaa Kakanda haanzii msituni wala kwa muuza mbao. Anaanzia kwenye makasha. Mji huu ulioko kaskazini-magharibi ya Likasi unaishi kwa shaba na kobalti, na mgodi hauendi bila vipuri: pampu, mota, mikanda, mabomba. Vyote husafiri ndani ya makasha ya mbao au juu ya paleti, kutoka bandari kama Durban, Dar es Salaam na Walvis Bay, na vikishafunguliwa mbao hubaki. Nyingi huishia chini ya sufuria ya bukari, yaani ugali. Chache humfikia seremala, na kwa seremala ndiko kijana hupita jioni kuomba.

"Papa, unipatie kipande moja ya mbao."

"Ya kufanya nini, mwana?"

"Gita."

Mazungumzo ya namna hii hayamshangazi mtu Katanga. Watoto wengi wa ukanda wa shaba, upande wa Kongo na upande wa Zambia, wameanza muziki kwa kopo: bidoni ya mafuta, kijiti kilichopenyezwa kati yake, na nyuzi za mshipi wa kuvulia samaki. Chombo hicho wanakiita banjo, na mtoto mwenye sikio zuri anaweza kukipigia wimbo mzima. Lakini sura hii si ya banjo. Ni ya gitaa la sanduku, la mbao tupu, lenye nyuzi sita na freti zake, ambalo ukiliweka karibu na la kiwandani litaona haya kwa sura tu, si kwa sauti.

Kabla ya kubeba mbao, soma muhuri. Makasha na paleti zinazovuka mipaka hutakiwa ziwe zimetibiwa dhidi ya wadudu, na kila kipande hupigwa chapa: picha ya suke la ngano, herufi mbili za nchi ilikotoka, namba ya mtengenezaji, kisha herufi za tiba. HT ina maana mbao zilipashwa moto hadi kiini chake kikafika nyuzi joto 56 kwa nusu saa. Hizo chukua bila wasiwasi, na tena zimekaushwa kidogo bure. MB ina maana zilifukizwa kwa methili bromaidi, gesi ya sumu. Hizo ziache, na usizipeleke jikoni pia. Kuna onyo jingine ambalo vitabu vya mafundi wa Ulaya havina, kwa kuwa havikuandikiwa watu wanaoishi karibu na kiwanda cha kuchenjua madini: mbao zilizobeba dawa za kuelesha shaba, zanthate hasa, zina harufu kali ya kabeji iliyooza na madoa ya manjano. Gitaa hukumbatiwa kifuani kwa saa nyingi. Mbao yenye harufu hiyo haifai hata kuwa kiti cha kuku.

Sasa aina ya mbao. Vitabu vitakuambia uso wa gitaa uwe wa sprusi au wa mwerezi. Mwerezi mwekundu wa Amerika Kaskazini uliingia katika magitaa ya klasiki miaka ya 1960, José Ramírez III wa Madrid alipoanza kuutumia, na sifa yake ni kwamba ni mwepesi mno, mita ya ujazo haifiki kilo 400 ikikauka, lakini ukiupinda kwa urefu wa nyuzi zake unakaidi. Wepesi pamoja na ukaidi ndivyo uso wa gitaa unavyotafuta. Kule Amerika mbao hii ni rahisi, ya kujengea ua na sitaha, na ndiyo maana wapenzi wa kazi za mikono huinunua dukani pamoja na misumari. Kwetu mambo ni mengine. Mwerezi wa Mulanje, mti wa taifa wa Malawi, umekatwa hadi karibu kwisha mlimani kwake. Mtarakwa wa nyanda za juu za Kenya na wa Usambara uligeuzwa penseli. Huko Shume, kampuni ya Wajerumani Wilkins na Wiese ilijenga njia ya kamba za chuma ya kuteremshia magogo hadi Mkumbara kabla ya vita vya 1914. Yote hayo hayashuki Kakanda kwa bei ya kijana.

Kinachopatikana ni paini. Zambia ilipanda misitu mikubwa ya paini na mikaratusi katika mkoa wake wa Copperbelt kuanzia miaka ya 1960, na makasha yatokayo ng'ambo nayo aghalabu ni paini au jamaa yake. Paini ni nzito kuliko mwerezi, ina utomvu, ina mafundo. Hayo yote yanavumilika. Kipande unachokitafuta ni kile ambacho mistari yake ya umri, ukikitazama kwenye ncha, imesimama wima kama meno ya kitana badala ya kulala, na kisicho na fundo kwa urefu wa sentimita 40. Kishike kona kwa vidole viwili, kigonge katikati kwa kifundo cha kidole. Kikijibu kwa mlio unaokaa kidogo, ni chako. Kikijibu kwa kishindo kilichokufa papo hapo, kina ufa ndani au hakijakauka.

Nasema paini inatosha, mradi kipande kizuri kikae usoni, kwa sababu jambo hilo lilijaribiwa zamani, na fundi mkubwa kuliko wote. Mwaka 1862 Antonio de Torres, Mhispania ambaye umbo la gitaa la leo linatokana na kazi yake, alitengeneza gitaa lenye mbavu na mgongo wa karatasi iliyogandishwa. Uso tu ndio aliouacha uwe wa mbao nzuri. Gitaa hilo liko mpaka leo katika jumba la makumbusho ya muziki la Barcelona. Hoja yake ilikuwa kwamba sauti inatoka usoni, na vingine ni vya kuushikilia uso. Mwaka 1995 kampuni ya Taylor ya Marekani ilirudia hoja hiyo kwa njia yake: ilichukua paleti chakavu, ikatengeneza kwayo mbavu na mgongo wa gitaa, ikalipeleka kwenye maonyesho ya biashara. Ila Taylor walikuwa na kiwanda kizima nyuma yao. Torres alikuwa na mikono na gundi, kwa hiyo mimi hushika mfano wa Torres.

Ubao wa kasha una unene wa milimita 15 hadi 20. Uso wa gitaa unataka milimita 3. Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa huruma: wanaona ubao umekuwa mwembamba, wanaogopa, wanaacha milimita 6, halafu wanashangaa gitaa linanong'ona. Uzi peke yake hausukumi hewa. Ni mwembamba, hewa inaupita pembeni. Lazima utikise kitu kipana, na kitu kinene hakitikisiki. Basi pasua ubao kwa msumeno katikati ya unene wake, polepole, ukigeuza upande kila baada ya sentimita chache, kisha ufungue vipande viwili kama kurasa za kitabu. Mistari itafanana kushoto na kulia. Unganisha ukingo kwa ukingo kwa gundi nyeupe ya maseremala, piga randa, maliza kwa msasa. Ukibonyeza katikati kwa dole gumba na uso ukakubali kidogo, umefika. Asiye na msumeno mwembamba anaweza kutumia tripleksi ya milimita 3. Inalia vibaya kidogo kuliko ubao halisi, lakini haipasuki, na kwa gitaa la kwanza hiyo ni faida isiyo ndogo.

Sanduku lenyewe ni kazi ya siku moja na sina mengi ya kulisema. Urefu sentimita 40, upana 28, kina 9. Pembe nne za mraba, bila kupinda mbavu kwa maji moto, kwa kuwa hakuna ulazima wa gitaa kuwa na kiuno. Kila pembe itiwe kijiti cha ndani cha kuongeza eneo la gundi. Chini ya uso, bandika vijiti viwili vya mbao, virefu na vyembamba, kukingama na mistari, kimoja juu ya tundu na kingine chini yake. Tundu liwe na kipenyo cha sentimita 8. Kwa vipimo hivyo hewa ya ndani itavuma karibu na mitetemo 140 kwa sekunde, jirani na re ya uzi wa nne, na hapo utasikia besi imeshiba kuliko ulivyotarajia. Vibanio vya chuma ni ghali. Kata tyubu ya baiskeli iwe ukanda mrefu, zungushia sanduku lote ukivuta kwa nguvu, acha hadi kesho.

Jambo la msimu, hata hivyo, halivumilii haraka. Likasi iko kwenye mwinuko wa mita 1,300 hivi, na kati ya Mei na Septemba hewa hukauka hadi midomo hupasuka. Mbao nazo husinyaa, si kwa urefu bali kwa upana. Uso uliogundishwa Februari, mbao zikiwa zimevimba kwa mvua, utataka kusinyaa Julai, na kwa kuwa umeshikwa pande zote hautakuwa na pa kwenda ila kupasuka katikati. Uso uliogundishwa Agosti utavimba kidogo masika yakija, utainuka kama tumbo la aliyeshiba, na hautadhurika. Kwa hiyo gundisha Agosti. Wenye viwanda walilijua tatizo hili vizuri: magitaa ya bei nafuu ya Gallotone, yaliyoundwa Afrika Kusini, yalibandikwa ndani ya tundu karatasi yenye ahadi kwamba hayatapasuka. Gitaa la kwanza la John Lennon, mwaka 1957, lilikuwa Gallotone la namna hiyo.

Jina Gallotone, lililokuwa pia kwenye sahani za muziki, linatulazimu kusimama kidogo Likasi, kwani kama si mji huo huenda hakuna kijana wa Kakanda angekuwa anaomba mbao kwa seremala.

Likasi iliitwa Jadotville kuanzia 1931, kwa heshima ya Jean Jadot, mmoja wa wakubwa wa Union Minière, kampuni iliyoanzishwa 1906 kuchimba shaba ya Katanga. Kambi za wafanyakazi zilikusanya watu wa Kasai, wa Luapula, wa Rwanda na Burundi, Waluba na Wabemba na Wayeke, wakakutana katika Kiswahili na, baada ya kazi, katika gitaa. Februari 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka nusu ya bara na mashine zake za kunasa sauti, alifika Jadotville akamkuta kijana wa miaka 22 hivi, Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya. Bunkeya ndiyo ilikuwa makao makuu ya Msiri, mfalme wa Wayeke aliyeuawa Desemba 1891, na Wayeke asili yao ni wafanyabiashara wa shaba kutoka Usumbwa, katika Tanzania ya leo. Njia ile ile iliyoleta Kiswahili Katanga ndiyo iliyoleta ukoo wa mpiga gitaa huyu.

Tracey alinasa nyimbo kadhaa. Mmoja, "Masanga", ulipata tuzo ya Osborn ya muziki bora wa Kiafrika wa mwaka huo, na sahani za Gallotone zikaupeleka Nairobi, Kampala, Salisbury na Johannesburg. Bosco alipiga kwa vidole viwili tu vya mkono wa kulia, dole gumba na cha shahada. Dole gumba lilishika besi na kutembea nayo, cha shahada kilipiga juu, na msikilizaji wa redio angeweza kuapa kwamba magitaa ni mawili. Likembe na kisanji, ala za vijiti vya chuma, nazo hupigwa kwa vidole vichache, hasa dole gumba, na mimi naamini hapo ndipo mkono wake ulipozaliwa, kabla gitaa halijaingia mikononi. Mtaalamu wa muziki David Rycroft aliandika uchambuzi mrefu wa mapigo yake mwanzoni mwa miaka ya 1960, noti kwa noti. Mwaka 1969 Bosco alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani. Edouard Masengo, ndugu yake, alihamia Nairobi akaimba matangazo ya Coca-Cola. Na magharibi ya Kenya wakina George Mukabi, na baadaye Shem Tube na wenzake wa Abana ba Nasery waliokwaruza chupa ya Fanta badala ya ngoma, walijenga mtindo wao juu ya ardhi ambayo sahani za Katanga zilikuwa zimeilainisha. Mwingereza John Low alifunga safari hadi Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, kujifunza kwa wazee hawa, akachapisha shajara yake 1982. Bosco alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1990.

Nimeyataja haya kwa sababu ya jambo moja la kiufundi. Muziki wa Bosco hauwezi kupigwa kwenye gitaa ambalo freti zake si sahihi. Mwenye kupiga akodi tatu kwa kukwaruza anaweza kujificha nyuma ya kelele. Mwenye kupiga noti moja moja, besi huku na juu kule, kila kosa la freti husikika peke yake, uchi. Ndiyo maana nasema sanduku linasamehe lakini shingo haisamehe. Nimeona magitaa ya sanduku yenye uso wa kupendeza, yamepakwa rangi, yameandikwa jina la mchumba, na hayawezi kutoa oktavu moja iliyo sawa. Mwenyewe atakuambia mbao ni mbaya. Mbao haina kosa.

Shingo itengenezwe kwa mti mgumu. Mulombwa, ambao Watanzania wanauita mninga, ni bora kuliko yote tuliyo nayo katika miombo: haupindi, hausinyai sana, unakubali patasi. Siku hizi miti ya ukoo wake inasakwa. Mukula, ndugu yake mwekundu, ulikatwa kwa fujo Haut-Katanga katikati ya miaka ya 2010 ukapakiwa malori kuelekea Zambia na hatimaye China, na katika misitu mingine kilichobaki ni visiki na mkaa. Lakini shingo moja haihitaji gogo. Mguu wa kitanda kilichovunjika unatosha, au fremu ya dirisha la nyumba ya zamani ya kampuni.

Usiiunganishe shingo na sanduku kwa gundi peke yake. Iache iwe mti mmoja wa sentimita 90 hivi, unaoanzia kichwani, unaingia sandukuni, unapita chini ya uso, na kutokea mkiani. Sehemu iliyo ndani ipunguzwe kimo, isiguse uso hata kidogo. Ikigusa, umeziba mdomo wa gitaa. Nyuzi sita za chuma zilizokazwa vizuri huvuta kwa jumla zaidi ya kilo 60, kama mtu amening'iniza gunia la simenti kwenye ncha ya shingo na kuongeza ndoo ya maji juu yake, usiku na mchana. Mti mmoja unaopita unabeba mzigo huo wote, na sanduku linabaki huru kuimba.

Sasa freti. Amua urefu wa uzi, kutoka kizingiti cha kichwani hadi daraja: chukua sentimita 65. Kanuni ya zamani, ambayo Vincenzo Galilei, baba yake Galileo mtazama nyota, aliieleza mwaka 1581, inasema gawa urefu kwa 18, hapo ndipo freti ya kwanza; kilichobaki kigawe tena kwa 18, freti ya pili; na kuendelea. Ni kanuni nzuri kwa kuwa unaweza kuitumia hata kwa kukunja kamba. Ina dosari ndogo. Freti ya 12 inapaswa kuwa katikati kabisa ya uzi, milimita 325, na kwa 18 inaangukia 322.6. Sikio linasikia upungufu huo, ingawa uzi ukibonyezwa hukazika kidogo na kupanda, na hivyo kosa moja hupunguza jingine. Namba ya kweli ni 17.817. Kwa hiyo ukiwa na simu yenye kikokotoo, na nani hana, gawa kwa hiyo. Kutoka kizingitini utapata milimita 36.5 kwa freti ya kwanza, 70.9 kwa ya pili, 103.4, 134.1, 163.1, 190.4, 216.2 kwa ya saba, 240.5, 263.5, 285.2, 305.7, na 325 kwa ya 12. Pima zote kutoka kizingitini, si kutoka freti hadi freti. Anayepima freti hadi freti hujumlisha makosa yake, na akifika ya 12 anakuta amepotea nusu sentimita.

Chora mistari kwa wembe, si kwa penseli. Penseli ina unene wake. Kata mfereji mwembamba kwa msumeno wa chuma. Freti zenyewe ni spoki za baiskeli, chuma cha milimita 2, zilizokatwa kwa upana wa shingo na kulazwa mferejini kwa gundi kali. Ziwe sawa kwa kimo. Laza rula juu yake. Ikibembea, kuna moja iliyosimama juu kuliko wenzake, na hiyo ndiyo itakayofanya uzi ulie kama nzi. Isugue kwa tupa.

Nyuzi za dukani zipo Likasi na Lubumbashi, na mwenye fedha anunue. Asiye nazo arudi kwenye baiskeli. Waya wa ndani wa breki huwa na unene wa milimita 1.5, na ule wa kawaida umesokotwa kwa nyuzinyuzi 19. Ukiufumua kwa subira, kila unyuzi una milimita 0.3. Hiyo ni sawasawa na uzi wa kwanza wa gitaa la chuma unaouzwa katika pakiti. Ukiukaza kwenye sentimita 65 hadi mi ya juu utavuta kilo 10 na kidogo, na chuma kinavumilia. Fundi Misoko Nzalayala, maarufu kwa jina la Socklo, ambaye kwa miongo kadhaa ametengeneza magitaa ya umeme katika karakana yake ya Lemba, Kinshasa, naye amejulikana kwa kugeuza waya wa breki kuwa nyuzi. Unyuzi wako unyooshe kwanza kwa kuuvuta kwenye msumari, kwani ulizoea kujisokota.

Shida ni besi. Unyuzi huo huo ukiulegeza hadi la au mi ya chini utaning'inia kama kamba ya nguo. Uzi wa besi lazima uwe mzito bila kuwa mgumu, na wanaotumia waya mzima wa breki hupata mlio wa kugonga bati. Dawa yake iko kila mahali katika mji wa shaba: mota iliyoungua. Ndani yake mna waya mwembamba wa shaba, mita kwa mita. Funga unyuzi wa chuma kati ya misumari miwili, ukaze, uzungushie waya wa shaba ukianzia ncha moja, mzunguko ukigusa mzunguko, bila nafasi. Ndugu yako ashike ncha ya pili na kuizungusha taratibu. Ni kazi ya kuchosha macho, na uzi wa kwanza utakaousokota utautupa. Lakini viwandani wanafanya hivyo hivyo kwa mashine, kiini cha chuma na joho la shaba nyeusi, na uzi wa sita uliosokotwa kwa shaba ya Katanga una besi nene ambayo mshipi wa samaki haujawahi kuota.

Vigingi vya kukazia vichongwe kwa mti mgumu, vyembamba kuelekea ncha, vipakwe chaki visiteleze. Mkiani, nyuzi zifungwe kwenye bawaba ya mlango iliyopigwa skrubu katika mti wa shingo. Daraja usiligundishe. Liache lisimame juu ya uso kwa kukandamizwa na nyuzi tu, kwa sababu utalihitaji liweze kutembea. Kwa anayetaka kupandisha wimbo ufuate sauti ya mwimbaji, kipande cha penseli kilicholazwa juu ya nyuzi nyuma ya freti na kufungwa kwa mpira wa tyubu ndicho kapo yake, na wapigaji wa Katanga wametumia penseli hiyo miaka mingi.

Ukishakaza, anza na la ya uzi wa tano, ya redio au ya simu, kisha re, sol, si, mi, na mi ya chini. Nyuzi mpya zitashuka usiku. Zikaze tena asubuhi, na tena jioni. Zikishatulia, gusa uzi wa kwanza juu kabisa ya freti ya 12 bila kuubonyeza, uupige, sauti nyembamba ya oktavu itatoka. Sasa ubonyeze pale pale, uupige. Sauti hizo mbili ziwe moja. Ya kubonyeza ikiwa juu, sogeza daraja nyuma kuelekea mkiani, upana wa ukucha. Ikiwa chini, lisogeze mbele. Kisha fanya hivyo kwa uzi wa sita, na utaona daraja linataka kukaa mshazari kidogo, upande wa besi nyuma zaidi. Liache hivyo hivyo, liwekee alama mbili za penseli usoni ili likianguka ulirudishe mahali pake. Novemba, mvua zikishika na uso ukainuka, alama hizo zitakuwa zimepitwa, na utalisogeza upya.